Vinyama vya machungwa kwa kiwanda cha vinywaji: vinageuka vichungu na ndoo zinavimba

Mama Machungwa (Muheza), Jumapili saa 2:10 usiku

Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Mkanyageni, Muheza. Sisi ni kikundi cha akina mama, wengi wetu tuna miti ya Valensia nyuma ya nyumba, na msimu ukichanganya machungwa yanauzwa kwa bei ambayo hata mchumaji anaona haya kukudai ujira wake. Juisi ya kuuza kwa vikombe tumeshaizoea. Sasa kuna kiwanda kimoja cha vinywaji huko Dar (jina nalihifadhi) kimetuuliza kama tunaweza kuwapelekea vinyama vya machungwa, vile vijifuko vidogo vya ndani vinavyoelea kwenye juisi ya pakiti. Wanavitaka vizima, bila mbegu, bila ule utando mweupe. Kwa sasa wanaagiza kutoka nje. Wanaanza na sampuli ya kilo 20, na sharti lao ni kwamba vikae miezi sita bila kubadilika ladha, tena wasione dawa nyingi za kuhifadhia kwenye majibu ya maabara.

Tulivyojaribu ni hivi. Tunamenya, tunakatakata, tunapitisha kwenye blenda kubwa kwa mwendo mdogo, tunachuja kwa chekeche. Kinachobaki juu ya chekeche tunakichemsha kwenye sufuria kubwa la alumini mpaka kitokote, tunajaza kikiwa moto kwenye ndoo za lita 20, tunafunga.

Siku ya kujaza ladha ni safi kabisa. Kesho yake ni mwarobaini. Baada ya wiki chache vifuniko vya ndoo kadhaa vimevimba, ukifungua inatoa pumzi. Nyingine haikuvimba wala nini, lakini inanuka dawa ya hospitali. Na zote juu kuna maji maangavu, chini kuna tope.

Tulicho nacho: jiko la gesi, friza moja la kulala, mashine ya mkono ya kukamua, umeme wa kukatikakatika. Naomba kujua tuweke dawa gani na kwa kipimo gani, au tugandishe tu? Na je, hii biashara inalipa au tunajichosha?

---

Viungo Kariakoo, Jumapili saa 2:31 usiku

Dada, hilo jepesi. Sodiamu benzoeti, gramu moja kwa kila kilo, na metabaisalfaiti kidogo juu yake. Ndoo haitavimba mwaka mzima. Zote ninazo, njoo inbox.

---

Mzee wa Finisha (Tanga), Jumapili saa 4:05 usiku

Mama Machungwa, huyo wa juu mwache kidogo, nitamrudia.

Nimesimama kwenye laini ya matunda miaka mingi, embe, nanasi na machungwa, na mashine yangu ilikuwa finisha. Kwa wasioijua, ni silinda ya stenlesi yenye matundu madogo sana, ndani yake skrubu inazunguka na kusukuma. Juisi inapenya kwenye matundu, vinyama vinatokea mwisho wa silinda. Kwa hiyo hiki unachouliza ndicho kilichonilipia ada za wanangu, na nitakuambia jambo ambalo wenye viwanda huwa hawamwambii mkulima: vinyama vya machungwa haviharibikii kwenye ndoo. Vinaharibika kwenye kukamua, halafu ndoo inakuja kutoa taarifa tu.

Nianze na uchungu. Kwa sehemu kubwa hautoki kwenye vinyama. Unatoka kwenye ule weupe ulio chini ya ganda, kwenye ngozi inayofunika kila kipande, na kwenye mbegu. Humo mna kitu ambacho tunda likiwa zima hakina uchungu wowote. Ukikisaga kikakutana na asidi ya juisi kinaanza kugeuka taratibu kuwa limonini, na moto unakiharakisha. Ndiyo maana mlipojaza mkasifiana, asubuhi mkatema. Blenda ndiyo adui yenu hapo. Hata kwa mwendo mdogo inachana utando, inapasua mbegu, na kama hiyo haitoshi inaingiza hewa, ambayo inakula vitamini C na baadaye inaharibu rangi. Iondoeni kabisa kwenye kazi hii.

Kateni chungwa katikati kwa upana, si kutoka kitako hadi kikonyo, ili vyumba vyote vifunguke. Kikamulio cha koni, mkono mwepesi, na mnaacha pale vinyama vinapokwisha kutoka. Anayekwangua mpaka weupe atolewe kwenye meza hiyo apelekwe kuosha, na nasema hivi nikiwajua vizuri watu wa bidii. Halafu chekeche mbili. Ya kwanza matundu ya milimita 5 hivi, inakamata mbegu na vipande vya utando, inaachia juisi na vinyama. Ya pili matundu madogo, milimita moja au nusu, inashika vinyama na juisi inapita. Msikandamize kwa kijiko ili vikauke, mtavipasua. Tikiseni tu.

Na tunda lenyewe. Machungwa yetu ya pwani hayageuki rangi kwa sababu usiku wetu una joto. La kijani linaweza kuwa limeiva kabisa, na jirani yake wa kijani vilevile akawa mchanga, na mchanga ana uchungu mwingi zaidi. Macho hayatawasaidia hapo. Tafuteni refraktomita ya mkononi, ile ya kudondoshea tone la juisi na kuchungulia. Inasoma briksi, yaani kipimo cha sukari ndani ya juisi. Kwa kukupa kipimo cha kulinganisha, kiwango cha Codex (kanuni za kimataifa za chakula) kwa juisi ya machungwa iliyotengenezwa upya kutoka konsentreti, ile juisi nzito iliyopunguzwa maji, hakishuki chini ya briksi 11.2. Tunda likisoma 8, liacheni mtini. Na yale yenye kitovu mtu akiwaletea mkatalieni hata kama anawapa kwa nusu bei. Ni matamu kwa kula, lakini ndiyo yanayoongoza kwa huo uchungu wa kuchelewa. Valensia yenu ni tunda sahihi.

Kabla hujafunga bei na mwenye shamba, kamua machungwa yake machache, chemsha kikombe kimoja, funika, onja kesho yake. Yakiwa machungu waachie watu wa soko la Kongowea, Mombasa.

Sasa lile tope. Hamira na bakteria wengi wa juisi wanakufa hata kwenye nyuzi 75. Lakini kwenye kuta za vinyama vyenyewe kumejishika kimeng'enya (enzaimu) kiitwacho pektini methilesterasi, na hicho hakinyamazi mpaka upite 90. Kikibaki hai kinaichezea pektini, ile gundi ya asili ya tunda, pektini inashikana na kalsiamu iliyomo kwenye juisi, na ule ukungu mzuri unaofanya juisi ionekane juisi unaporomoka chini. Utasema mlichemsha mpaka ikatokota. Ndiyo, lakini mlichemsha kitu kizito. Kizito kinatokota chini huku juu ni nyuzi 70. Halafu mlikaa muda gani kati ya kusaga na kuinjika? Kila dakika ya hapo kimeng'enya kiko kazini.

Kwa hiyo rudisheni juisi kwenye vinyama, nusu kwa nusu, ili joto litembee. Sufuria la stenlesi, pana, lisijazwe. Alumini na asidi ya machungwa haviendani, inaachia ladha na mtu wa maabara ataiona. Koroga kutoka chini kwa mwiko mpana bila kupiga. Kipimajoto ndani ya rojo muda wote. Ikifika 92 hadi 95 ishike dakika mbili, kisha ijazwe mara moja, isishuke chini ya 85 wakati wa kufunga. Geuza chombo kifuniko kiwe chini dakika tatu ili joto lisafishe na kifuniko. Ndoo zilizotoa pumzi ni hamira, na hamira hiyo ama iliponea juu ya sufuria palipokuwa hapajapata moto, ama iliingia kwa kifuniko.

Ile ya harufu ya hospitali ndiyo iliyonifanya niache kahawa yangu ipoe. Huyo si hamira. Ni bakteria wa udongo anaitwa Alicyclobacillus, anapenda asidi, anapenda joto, na mbegu yake (yaani bakteria mwenyewe akiwa amejifungia kwenye ganda gumu) haifi kwa moto wa kupasha juisi. Haitoi gesi, hivyo ndoo haivimbi, ila anatengeneza guayakoli, na kiasi kidogo tu cha hiyo kinatosha kuharibia kiwanda pipa zima. Viwanda vya juisi vinamwogopa kuliko mnavyodhani. Anaingia na machungwa yaliyookotwa chini, yana vumbi. Halafu ndoo ya lita 20 iliyojazwa moto, katikati yake inabaki na joto mpaka kesho yake, na hayo masaa ya vuguvugu ndiyo anayoyataka. Msiokote. Osheni kwa brashi, kisha chovyeni kwenye maji ya klorini: ndoo ya maji lita 20, weka mililita 60 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, dakika tano, suuza kwa maji safi. Na msitumie ndoo kubwa. Mifuko ya kilo mbili inayostahimili kujazwa moto, ilazwe bapa, ipozwe haraka kwa maji ya bomba, halafu maji ya barafu.

Siku ikitokea harufu kama ya siagi au maziwa yaliyochacha, hao ni bakteria wengine wa asidi laktiki, na maana yake juisi ilikaa nje muda mrefu kabla ya moto. Hao wanakufa upesi, lakini harufu waliyokwisha kuiacha haiondoki kwa kuchemsha.

Nimechoka, kesho nitaandika kuhusu dawa na kugandisha.

---

Kongowea Boy (Mombasa), Jumatatu saa 1:20 asubuhi

Mzee, asante kwa kututupia machungwa machungu 😂 Sisi hapa sokoni ndio tunaoyapokea hayo ya Muheza yakivuka Horohoro, na wateja wetu hawachemshi, wanamenya na kula. Kwa hiyo leteni tu.

Swali langu: nimeona zile soda za mikebe kutoka Asia, vinyama viko vizima kabisa, hata kimoja hakijapasuka. Mtu aliniambia wanatumia kostiki soda. Ni kweli, ama ni stori za soko?

---

Mama Machungwa, Jumatatu saa 2:45 asubuhi

Mzee wangu shikamoo, na samahani jana sikukuamkia. Nimewasomea wenzangu kwa sauti, pale pa mtu wa kukwangua weupe wote wamemgeukia mmoja, jina simtaji.

Naomba kuuliza. Kama kugandisha kunaua kila kitu, kwa nini tusikamue, tukajaza, tukatia kwenye friza bila kuchemsha kabisa? Tutaepuka uchungu na ladha itabaki mbichi. Na wa Kariakoo kanipigia tayari, ananiambia kilo moja ya benzoeti inatosha msimu mzima.

---

Mzee wa Finisha, Jumatatu saa 11:30 jioni

Marahaba mwanangu.

Kugandisha hakuui. Kunalaza. Hamira ikilala miezi sita kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, siku kiwanda kinayeyusha inaamka na njaa yake. Kimeng'enya nacho ni hivyohivyo, na hakilali usingizi mzito kama hamira. Ndiyo maana huko Brazili, wanakotoka wauzaji wakubwa wa juisi ya machungwa duniani, vinyama vinapashwa kwanza, vinapozwa, ndipo vinagandishwa kwenye maboksi ya kilo 20, au vinajazwa kwenye mifuko iliyotakaswa ndani ya mapipa. Moto na baridi vinafanya kazi mbili tofauti. Moto unaua, baridi inatunza rangi na ladha ya kilichokwisha kuuawa.

Uchungu usiuogope kwenye moto. Ukikamua nilivyosema, moto hautakuwa na kingi cha kugeuza.

Kuhusu friza lako. Friza la kulala la nyumbani limetengenezwa kutunza kilichoganda, si kugandisha. Ukilijaza kilo hamsini za vitu vya vuguvugu kwa mara moja, katikati patachukua siku kadhaa, na wakati huo barafu inakua taratibu, chembe zake kubwa, zinachoma vile vijifuko kutoka ndani. Ukiyeyusha unapata maji na ngozi tupu. Mifuko bapa, mmoja mmoja, imekwisha kupozwa, igusane na kuta za friza, usipandanishe mpaka ishike. Umeme ukikatika usifungue. Friza lililojaa hukaa zaidi ya siku moja likiwa limeganda, lenye nafasi tupu halifiki huko. Mkipata oda kubwa itabidi mkodi chumba cha baridi Tanga mjini, na hakikisheni hakijawahi kuwa cha samaki, au mifuko yenu iwe ndani ya maboksi yaliyozibwa.

Dawa sasa. Mdogo wangu wa Kariakoo, sikatai biashara yako, lakini hukumwambia yote. Benzoeti inafanya kazi kwenye asidi kali. Juisi ya Valensia iliyoiva vizuri inaweza kusoma pH 3.8 au 4 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua), na kadiri pH inavyopanda kuelekea 4.2 ndivyo karibu nusu ya hiyo dawa inavyokaa bure bila kumgusa mtu. Potasiamu sobeti inashika zaidi hapo kwa hamira na kuvu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia kimeng'enya, hivyo tope litabaki. Haizuii uchungu. Na benzoeti pamoja na vitamini C, vikikaa kwenye joto na mwanga, vinaweza kutoa benzini, nayo ni sumu inayoleta saratani. Machungwa yamejaa vitamini C, hesabu mwenyewe. Metabaisalfaiti nayo ina watu inaowabana pumu, na ikizidi miligramu 10 kwa kilo lazima iandikwe kwenye lebo, kwa hiyo kiwanda kinachonunua kwako kitalazimika kuiandika kwenye chupa zake. Mama kasema wazi kwamba wanunuzi hawataki kuona dawa. Kwa nini umuuzie?

Kongowea Boy, hizo si stori. Kwa makopo ya chenza wanamenya, wanatenganisha vipande, wanavipitisha kwenye asidi nyepesi kisha kwenye kostiki nyepesi, ule utando unayeyuka, wanasuuza sana, halafu vijifuko vinaachana vyenyewe kwenye maji. Ndiyo maana unaviona vizima. Lakini hiyo ni kazi ya kiwanda chenye maji ya mto mzima na mahali pa kupeleka maji machafu yenye kostiki. Akina mama wa Mkanyageni wasiiguse. Na wala kiwanda cha Dar hakijaomba hivyo. Vinyama vya kukamuliwa vina ladha ya juisi, vile vya kostiki vina sura tu.

Sasa kulipa. Hapa ndipo naomba msome polepole. Chukueni kilo 100 za machungwa. Karibu nusu ya uzito huo ni juisi. Vinyama visafi vilivyochujwa, kwa mkono, mkipata kilo tano shukuruni Mungu, na kumi hamtazifikia. Hiyo sampuli ya kilo 20, kama wanataka vikavu vitupu, inaweza kuwala kilo mia nne za machungwa na kuwaachia zaidi ya lita mia na hamsini za juisi siku hiyohiyo. Juisi hiyo inakwenda wapi? Kama jibu ni vikombe vya stendi, mmekwama. Vinyama haviwezi kubeba gharama ya chungwa zima, hakuna nchi vinakobeba. Ni kitoweo, ugali wenyewe ni juisi.

Kwa hiyo rudini kwa mnunuzi na maswali mawili kabla ya kuwasha gesi. La kwanza, anataka gramu ngapi za vinyama kwa lita? Wengine hununua gramu 500 kwa lita, yaani nusu yake ni juisi, wengine wanataka vikavu zaidi. Akisema 500, ile sampuli yenu imepungua kazi kwa nusu, na juisi yenu imeshaanza kupata mnunuzi. La pili, juisi iliyobaki ataichukua ikiwa imepashwa na kugandishwa? Anayetengeneza kinywaji cha machungwa anahitaji vyote viwili. Msimuuzie vinyama peke yake.

Na mjue kwa nini amewatafuta ninyi leo. Florida mashamba yamemalizwa na ule ugonjwa wa machungwa uitwao citrus greening pamoja na vimbunga, Brazili nako ugonjwa huohuo na ukame, na mwaka 2024 bei ya konsentreti duniani ilipaa kuliko wakati wowote kabla. Bei kama hiyo haidumu, imekwisha kushuka mara nyingi. Kwa hiyo andikianeni mkataba wa msimu, hata kama ni karatasi mbili.

---

Maabara Moro, Jumatatu saa 3:15 usiku

Mzee heshima kwako, nimesoma teknolojia ya chakula na sina la kubomoa, ila dakika mbili kwenye 95 naona ni nyingi. Kiwandani wanashika nusu dakika au dakika moja kwa sababu mashine zao zinapandisha joto kwa sekunde. Kwenye sufuria joto linapanda taratibu, na dakika zote za kutoka 80 kwenda 92 nazo zinahesabika. Ukiongeza mbili juu yake unapata ile ladha ya juisi iliyopikwa na vinyama vinalegea.

Mama, badala ya kubishana na Mzee, fanya hivi. Tengeneza mikupuo mitatu: nusu dakika, dakika moja, dakika mbili. Jaza kila mmoja kwenye chupa ya kioo inayoonyesha ndani, ipoze, iache mezani siku kadhaa bila kuitikisa. Kimeng'enya kikiwa hai juisi itajigawa, juu maangavu chini tope. Chagua muda mfupi kabisa ambao haujigawi. Hicho ndicho kipimo chenu, kwa sufuria lenu na jiko lenu. Andika kwenye daftari, kila mkupuo na tarehe, joto, pH na briksi, na weka chupa mbili za kila mkupuo kabatini. Mnunuzi akilalamika mwezi wa tano unafungua ya kwako mbele yake.

Halafu karatasi. Tangu 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kusindikia uko TBS (Shirika la Viwango), si kule TFDA ya zamani (mamlaka ya chakula na dawa), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani watawasaidia kupanga jengo kabla mkaguzi hajafika. Vipimo vya bakteria na dawa mnaweza kupeleka TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) Dar es Salaam. Mnunuzi makini atavidai hata kama nyie hamuuzi dukani.

---

Mzee wa Finisha, Jumatatu saa 3:40 usiku

Kijana, dakika mbili nilizisema kwa sababu namjua mtu anayekoroga akiwa anaongea na simu. Lakini jaribio lako la chupa ni zuri kuliko kauli yangu. Wafanye.

---

Viungo Kariakoo, Jumatatu saa 3:52 usiku

Nimekubali. Refraktomita na vipimajoto pia ninavyo, kwa taarifa.

---

Kongowea Boy, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Mzee, na maganda? Hapo kwa kilo 100 karibu nusu ni takataka. Huku kwetu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaweza kuyataka.

---

Mzee wa Finisha, Jumanne saa 2:05 asubuhi

Ng'ombe wanayala, ndiyo, ila mabichi yanachacha upesi kwa joto letu na yanaita nzi wote wa wilaya. Wapeni majirani siku hiyohiyo au mkaushe juani yakiwa yamekatwa vipande vyembamba. Viwandani wanachanganya chokaa kidogo ili maji yatoke kirahisi kwenye kukandamiza, lakini hiyo ni kwa mwenye mashine ya kukandamiza. Kwa sasa msijipe biashara ya tatu.

---

Mama Machungwa, Jumanne saa 1:30 usiku

Nimempigia mnunuzi. Anataka gramu 500 kwa lita, vilivyogandishwa. Juisi kasema atachukua kwa majaribio kama briksi haishuki chini ya 10, bei tutazungumza akishaona sampuli. Kikundi kimekubali kununua sufuria la stenlesi na chekeche mbili, blenda tunamrudishia mwenyewe. Kipimajoto alichonacho mwenzetu ni kile cha nyama, cha kuchoma kwa ncha. Kinafaa?

---

Mzee wa Finisha, Jumanne saa 1:48 usiku

Kinafaa kama kinasema kweli. Chemsha maji, ncha iwe ndani ya maji isiguse sufuria. Muheza hamko juu sana kutoka usawa wa bahari, kinapaswa kusoma 99 na kitu. Kikisoma 96, basi 92 yake ni 95 yako, andika hivyo kwa maki peni kwenye mpini wake. Kisha barafu iliyopondwa na maji kidogo, hapo kisome sifuri, au kama kwenye maji ya moto kilipungua tatu, hapa pia kipungue tatu. Tofauti ya juu na ya chini isipolingana, kirudisheni jikoni kwa nyama yake mkanunue kingine.

Mkianza Ijumaa nijulisheni, nina shughuli Muheza mjini asubuhi.